Nyumba ya Majuma Mia Tatu na Arobaini

(Hotuba hii imetolewa Uvira, siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi, ndani ya ukumbi wa kukodi ulio karibu na barabara kuu. Imeandikwa nami Noella, katibu wa biro, yaani ofisi ya mwenye hotuba. Mheshimiwa Onesphore ameniagiza niandike kila neno, kila makofi na kila kikohozi, kwa faida ya vizazi vijavyo. Basi naandika.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa yule aliyetumwa kumwakilisha Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwenye kile kiti chekundu cha mbele, ambaye mwenyewe yuko njiani tangu mwezi uliopita. Waheshimiwa Machifu, pamoja na wale wanaofanana nao. Watumishi wa Mungu wa madhehebu yote, walioomba na watakaoomba. Ndugu Fundi wa Kipaza Sauti, ambaye bila yeye mimi ningekuwa mtu wa kawaida. Wazee wa milimani, akina mama wa bonde la Ruzizi, vijana wa kando ya ziwa, wanachama wote wa Nyumba ya Mapumziko ya Pamoja. Na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Onesphore, Mratibu Mkuu wa Muda wa Kudumu: amani iwe nanyi, nanyi muwe na subira!

(Makofi ya watu wanne. Watatu kati yao ni wa biro.)

Ndugu wanachama, nasimama mbele yenu leo nikiwa nimesimama, kwa sababu kiongozi anayekaa hawezi kuonekana na wale walio nyuma, na kuonekana ndiyo nguzo ya kwanza ya utawala bora, kama nilivyosema mwenyewe katika semina niliyoiandaa mwenyewe na kuihudhuria mpaka mwisho. Miezi kumi na minane iliyopita niliamka asubuhi, nikatazama ziwa letu la Tanganyika, nikasema moyoni: eh, Onesphore, maji yote haya, na mchungaji wa juu milimani hajawahi kulala kando yake hata usiku mmoja akiamshwa kwa chai! Nililia, ndugu zangu. Machozi yangu yaliingia katika dosié, faili yangu ya kazi, na dosié ikawa projé, mradi kamili.

Projé hiyo kwa lugha ya kitaalamu inaitwa Mfumo Jumuishi wa Umiliki wa Mzunguko wa Mapumziko Endelevu. Kwa lugha ya jembe na fimbo, maana yake ni hivi: nyumba ni moja, iko kando ya ziwa, wenyewe ni wengi, na kila mwenyewe analala humo juma moja kila mwaka, yeye, na watoto wake, na wajukuu wake, mpaka parapanda ilie. Analipa mara moja tu. Halafu analipa tena kila mwaka, kidogo, mchango wa kufagia. Na nataka mniamini ninaposema, mbele ya Mungu na mbele ya kipaza sauti, kwamba hakuna mtu hapa Uvira aliyewahi kuona vumbi katika nyumba ile!

(Makofi. Mtu mmoja nyuma ameuliza: "Kuna mwenye aliwahi kuiona nyumba yenyewe?" Mheshimiwa amekunywa maji.)

Sasa twende kwenye takwimu, kwa kuwa kiongozi asiye na takwimu ni mhubiri. Uchunguzi tulioufanya sisi wenyewe juu yetu sisi wenyewe umeonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na nne ya wanachama wameridhika. Hao kumi na nne wa juu ni wale walioridhika kabla ya kujiunga. Zaidi ya hayo, mwaka una majuma hamsini na mawili, hilo mnalijua, mlifundishwa shuleni. Lakini nauliza: nani aliyapanga majuma hayo? Alituuliza? Alikuja Uvira? Biro yangu haikukubali kufungwa na hesabu za watu wa mbali. Katika nyumba moja hiyo hiyo, sisi tumeuza majuma mia tatu na arobaini!

(Kelele ukumbini. Watu wanageukiana na kuonyeshana karatasi zao. Papa Damien wa Nyakabere anasema: "Minye nilipewa juma ya Noeli, niliambiwa ni yangu peke yangu!" Mama mmoja: "Hata minye Noeli!" Mwingine: "Minye Noeli, na chumba ni kile kile!")

Naam, naam, nawasikia, furaha imewazidi. Juma la Noeli limenunuliwa na familia sitini na moja. Sitini na moja, ndugu zangu, katika vyumba vinne! Wengine wataita hilo msongamano. Mimi naliita umoja. Bwana Yesu mwenyewe alikosa nafasi siku ya Noeli, na leo nani anamcheka?

Hapa niruhusuni nieleze mbinu zetu za kazi, ambazo nimesikia kwamba wivu wa watu unazisema vibaya sokoni. Simama, Vainqueur, watu wakuone! Huyu ndiye kijana wangu, mkuu wa uhamasishaji. Alipita masokoni, alipita makanisani, akamwambia kila mtu sentensi moja tu: "Hongera, jina lako limetoka!" Na kila jina lilitoka. Hatukubagua mtu. Wewe mwenye kutoka Runingu jina lako limetoka, wewe wa Lemera limetoka, hata wewe ambaye hatukujua jina lako, lilitoka. Ukija biro unapewa soda baridi na beseni jipya la buluu, bure kabisa, bila masharti, isipokuwa kusikiliza maelezo kwa dakika sitini.

(Mama Florentine wa Runingu, aliyetoa magunia ya mpunga kwa juma lake, anasema kwa sauti: "Dakika sitini! Tuliingia asubuhi, tukatoka kuku zimeshalala!" Kicheko kikubwa.)

Mama Florentine, dakika za mjini si dakika za shambani. Na mlango ulifungwa kwa sababu ya mbu. Kufuli lilikuwa kwa sababu ya mbu wakubwa. Sisi ni watu wa afya ya jamii! Halafu wengine wanalalamika ati tuliwaambia bei ni ya leo tu, kesho inapanda. Nauliza, je, tulisema uongo? Kila siku tuliyowaambia ilikuwa leo. Na leo hiyo tumeilinda, kwa gharama zetu, miezi kumi na minane mfululizo.

Kuhusu wale wanaotaka kutoka katika mfumo: mlango uko wazi. Someni kontra yenu, kifungu cha kumi na tisa, yale maandishi madogo ambayo tuliyafanya madogo ili kuokoa karatasi na misitu yetu. Mwanachama anaweza kujitoa wakati wowote, mradi awe amekufa, na alete sinyatire, sahihi ya mkono wake mwenyewe, kuthibitisha.

(Mama Nyirabagenzi amesimama. Ni mjane, mfugaji wa juu milimani. Ameshuka kwa mguu siku mbili pamoja na mwanawe Muhire. Beseni la buluu analo kichwani, hajalitua. Anasema: "Mheshimiwa, minye sikuuzaka ng'ombe. Huyu kijana yako Vainqueur aliniambia ni kuragiza, ni ile desturi yetu ya kumwachia mwenzako ng'ombe akuchungie. Alisema, mama, Bihogo inabakia yako, inakaa kwetu. Nyumba ni yetu, weye unakaa ndani. Bon. Juma yangu siitaki tena. Jumamosi hii Muhire anapeleka mahari kwa wazazi wa mchumba wake Shimwa. Ng'ombe ya mahari ni ile ile Bihogo, haiko ingine. Unirudishie.")

Mama yangu mpendwa, mama yetu sote, nakupongeza kwa swali zuri sana, swali lenye mashiko, ambalo sitalijibu bila kwanza kulifafanua. Ulipompeleka ng'ombe wako biro, yule ng'ombe aliacha kuwa ng'ombe. Akawa mtaji. Mtaji hauna jina. Mtaji haulii, haunyonyeshi, hauendi kwa wakwe. Vainqueur alitumia lugha ya desturi ili kurahisisha mawasiliano na wadau wa ngazi ya chini, na katika ripoti yetu kipengele hicho kimepewa alama ya juu kabisa. Nani ataenda kwa mfugaji amwambie umiliki wa mzunguko? Atakimbia! Ukimwambia kuragiza, anafungua zizi mwenyewe.

(Vainqueur ametazama viatu vyake. Sasa amesimama Baba Rugema, shemeji wa Mama Nyirabagenzi, mtu wa kugombana hata na mvua. Anasema: "Weye Mheshimiwa, nisikilize. Kama ni kuragiza, basi ni kuragiza mpaka mwisho. Kwetu mwenye ng'ombe anakuja siku yoyote anataka, anaita ng'ombe yake, anaonyeshwa. Ikiwa imekufa, anaonyeshwa ngozi. Ya tatu haiko. Onyesha ng'ombe, ama onyesha ngozi!" Makofi makubwa, ya kwanza ya kweli tangu asubuhi.)

Baba Rugema, heshima yako, baba. Punguza jazba. Kama shida yako ni ngozi, mbona jambo dogo? Ngozi utaiona leo leo, kabla hujapanda mlima, tena mbichi!

(Ng'ombe amelia uani, nyuma ya ukumbi.)

Hiyo ni jenereta. Kwa vile mmeisikia, sina budi kufichua siri niliyotaka iwe zawadi. Baada ya hotuba hii kuna karamu, ndugu zangu! Biro yangu haiwezi kuwaita wadau ikawarudisha na njaa. Kuna wali, ambao unatokana na magunia yaliyochangwa na akina mama wa Runingu. Kuna viazi, vilivyochangwa na wanachama wa Lemera. Na kuna nyama, iliyochangwa na, na... na milima yetu mizuri. Mnaona mzunguko? Mlichotoa kinarudi kwenu kikiwa kimeiva! Sehemu ya mbele ni ya waheshimiwa, mchuzi ni wa wote. Tena ratiba ni ya kijeshi: mchinjaji wetu Kizito yule pale mlango wa nyuma na kisu chake, mgongo kwa ng'ombe, sikio kwangu, na nimemwagiza asifanye lolote mpaka anisikie nikitamka neno moja tu, neno la mwisho la hotuba yangu, ambalo ni...

(Mama Nyirabagenzi ameita kwa sauti: "Bihogo! Yewe Bihogo!" Ng'ombe amejibu. Ameita tena. Ng'ombe amejibu tena, na kamba imesikika ikivutwa. Mama amekaa chini, beseni mapajani, analia waziwazi. Muhire anataka kuruka dirisha, Baba Rugema amemshika shati, kwa sababu Kizito yuko mlangoni na kisu ni kirefu.)

Tafadhali, tafadhali. Hisia ni nzuri lakini zina mahali pake, na mahali pake ni kwenye fomu. Naona muda umetutupa mkono, na karatasi niliyonayo mkononi ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo, ndugu wanachama, kwa maneno hayo machache, napenda kusema kwamba sasa nime...

(Mama Florentine ameruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto: "Hapana, Mheshimiwa! Usimalize! Tunakuomba usimalize!" Watu wamemtazama. Amewakazia macho, amewaonyesha Kizito kwa midomo, halafu dirisha. Watu wameelewa, safu kwa safu. Ukumbi mzima umelipuka: "Endelea! Endelea, Mheshimiwa! Utueleze utoto wako!" Makofi. Vigelegele. Mheshimiwa ameshika kifua.)

Mama Florentine... Ndugu zangu... Mimi nimehutubia miaka ishirini na mbili. Nimehutubia mvua ikinyesha. Nimehutubia watu wakiwa wamelala, na wengine wakiwa wameondoka. Sijawahi, sijawahi hata siku moja kuombwa kuendelea. Noella, umeandika hilo?

(Nimeandika.)

Andika tena.

(Nimeandika tena.)

Basi utoto wangu. Nilizaliwa nikiwa mdogo sana. Mwalimu wangu wa darasa la tatu aliniomba niseme maneno mawili juu ya mtungi wa maji, nikasema mpaka kengele ikalia, mtungi ukawa umekauka, mwalimu mwenyewe akatokwa na machozi akanisihi nikae. Tangu siku ile nilijua kwamba nina kipawa na kwamba wengine hawana uvumilivu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, mtu wa maneno machache. Nilisema kwa niaba yake. Mama alikuwa akiniambia: mwanangu, ukienda sokoni usirudi na maneno, rudi na chumvi. Lakini mimi niliona mbali kuliko chumvi.

(Makofi marefu. Watu kumi na wawili wameomba ruhusa ya kwenda haja, wakiongozwa na Baba Rugema, Muhire na mama yake. Wametoka kwa mlango wa pembeni, kwa mstari, vidole midomoni.)

Naona nidhamu hiyo! Nendeni, mrudi haraka, bado sijafika darasa la nne.

(Mama Florentine: "Mheshimiwa, kwanza utueleze nyumba! Vyumba! Masakafu! Usiache hata dirisha moja!" Sauti: "Hata dirisha moja!")

Nyumba! Mungu wangu, nyumba! Ina vyumba vinne, vyote vinatazama ziwa, hata vile vinavyotazama nyuma. Sakafu ni vigae vyeupe. Ukivua viatu unaona uso wako, ukivivaa unaona uso wa jirani. Kitanda ni kikubwa kiasi kwamba mke na mume wakigombana wanahitaji barua ili kupatana. Asubuhi unafungua dirisha, ng'ambo unaona milima ya Burundi, unaisalimia, inakaa kimya kwa heshima. Jikoni samaki mukeke anaingia mwenyewe kwenye sufuria. Walinzi hawahitajiki, kwa sababu viboko wanapita usiku, na mwizi gani atashindana na kiboko? Na wale wanaosema ati ziwa limepanda likafunika viwanja vya ufukweni, nawajibu: ndiyo, nyumba yetu kwa sasa iko ndani kidogo. Hoteli ngapi duniani zinakupa samaki dirishani bila malipo ya ziada?

(Ng'ombe amelia mara moja, kwa sauti ya chini, kama anayepigiwa hodi na mtu anayemfahamu. Halafu kimya. Kizito amegeuza shingo kidogo. Wanaume watano wamesimama kati yake na uani, wamemwambia: "Sikiliza, Kizito, usipitwe na neno." Kizito amerudisha sikio.)

Mmesikia? Hata jenereta imetulia. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja.

(Vainqueur amemkimbilia Mheshimiwa, anamvuta koti: "Mheshimiwa, ile ng'ombe, watu wana...")

Kaa chini, Vainqueur! Unanikatiza mbele ya umma? Wivu huo umeanza lini? Watu wameniomba mimi, hawakukuomba wewe. Ukisema neno jingine nitaongeza saa moja!

(Ukumbi kwa sauti moja: "Ongeza! Ongeza!" Vainqueur amekaa, ameinamisha kichwa, halafu nadhani nimemwona akicheka. Watu wengine arobaini wametoka kwenda haja. Kila anayepita jikoni anatoka na kitu kichwani: gunia la mchele, kikapu cha viazi. Mimi nimehamia dirishani ili niandike vizuri.)

Naona kutoka na kuingia, hasa kutoka, na hilo halinishangazi, kwani mfumo wetu wenyewe ni wa mzunguko. Wale mlioketi, songeni mbele. Ninyi kumi na saba ni kama mia saba. Ninaendelea.

(Sasa naandika nikiwa nje, uani. Msiwe na wasiwasi juu ya usahihi wa maandishi: spika ziko mbili, moja juu ya paa, na sauti ya Mheshimiwa inafika mpaka ng'ambo ya barabara. Kamba ya ng'ombe iko chini. Pembeni yake watu wamepanga mabeseni ya buluu, moja ndani ya jingine, marefu kuliko mtu. Nimechukua mkoba wangu.)

Nimebakiwa na nini cha kuwaambia? Utoto nimesema. Vigae nimesema. Takwimu nimesema. Karatasi zimeisha, na bado mnaniangalia kwa macho hayo ya kiu, wewe mzee pale, na wewe mtoto, na wewe uliyelala. Basi nishukuru! Kiongozi anayeishiwa na maneno huwa ana shukrani, na shukrani haina mwisho kama ni ya kweli, na leo kwa ajili ya mapenzi mliyonionyesha nitashukuru kwa ukweli wote, hata kama si kawaida yangu.

Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye hatukumtafuta. Namshukuru fundi mwashi, ambaye hatukumwita, na hakuja, na hivyo hakuleta usumbufu wowote. Naishukuru hoteli moja ya nchi ya mbali, ambayo picha yake tuliikata katika kalenda ya kinyozi wangu, tukaikuza, tukawaonyesha ninyi nyote. Wenyewe hawajui, lakini Mungu anajua, atawalipa. Nalishukuru jiwe la msingi, lile mlilopigwa nalo picha. Liko moja tu, Vainqueur hulibeba katika gari, na jioni tunamrudishia Mama Naomie, jirani yangu, kwa sababu ndilo analosagia pilipili. Nalishukuru ziwa Tanganyika, mdau wetu mkubwa, kwa sababu kila mahali tulipowaonyesha kwa kidole tukisema kiwanja ni pale, pale palikuwa maji tangu enzi za Adamu, na halikutuumbua hata mara moja.

Ndiyo! Mnashangaa? Nyumba haiko! Haijawahi kuwepo! Na ninawauliza, kwa fahari, kwa kifua wazi: ni nani mwingine katika nchi hii amewakusanya watu wa milima na watu wa bonde, wachungaji na walimaji, familia mia tatu na arobaini chini ya paa moja, bila kutumia tofali hata moja? Nyumba za wengine zinavuja. Yangu haivuji! Za wengine zinabomolewa, zinaungua, zinagombewa mahakamani na wajukuu. Yangu mtaigombea wapi? Huo ndio uendelevu! Huo ndio ubunifu! Makofi yako wapi?

(Nimeyasikia haya yote nikiwa barabarani, upande wa kaskazini, nyuma ya Bihogo. Ni ng'ombe mwekundu, ana pembe ndefu, na anatembea haraka kama aliyechelewa harusi. Mama Nyirabagenzi amemshika pembe, anamsemesha kwa lugha ya kwao na hajanyamaza tangu uani. Muhire anabeba gunia la Mama Florentine. Watu wanasikia spika na wanacheka mpaka wanashikana mabega. "Nyumba haiko!" "Kumbe!" "Na minye nililipa ya kufagia!")

Basi, ndugu zangu, tuitikie pamoja, kwa nguvu, ukumbi utikisike. Nikisema "Juma lako", mnajibu "Haki yako"! Juma lako!

(Kimya katika spika.)

Nikisema "Onesphore", mnajibu "Songa mbele"! Onesphore!

(Kiti kimoja kimeburutwa. Nadhani ni yule aliyelala.)

Naona mmeguswa. Mtu aliyeguswa hana sauti. Kwa hiyo, wapenzi wadau, kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa ajili ya njaa yenu ambayo sasa ni haki yenu, natamka neno lile: nimemaliza! Kizito! Nimemaliza! Kazi!

(Hatua za viatu. Mlango. Kisha sauti ya Kizito, karibu kabisa na kipaza sauti: "Mheshimiwa, ng'ombe haiko." "Haiko namna gani?" "Haiko. Kuko kamba. Na mabeseni." "Mabeseni gani?" "Yote, Mheshimiwa." "Na ngozi?" ameuliza Mheshimiwa, sijui kwa nini. Kizito amejibu: "Hata ngozi. Ngozi imeondoka na ng'ombe.")

(Hapa Baba Rugema amesimama katikati ya barabara, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone. Amesema: "Kwetu mwenye kukuchungia ng'ombe akirudisha vizuri, unamwachia ndama. Huyu tumemwachia beseni. Inatosha." Mama Nyirabagenzi hakucheka. Ameniuliza minye ni mtoto wa nani, nikamwambia. Ameniambia nije Jumamosi, kutakuwa na maziwa.)

Noella? Noella, umeandika? Noella, andika hapo mwisho: makofi.

(Sikuandika.)